Uvimbe Usiotajwa: Jinsi Leza Ilivyofika Mahali pa Siri

Tuanze kwa kuomba radhi, kama ilivyo ada. Makala hii inahusu uume, uvimbe unaoweza kuota juu yake, na mwanga unaoweza kuuondoa. Anayeona haya ageuze kurasa. Mashairi ya wanachama yako mbele na hayana neno baya hata moja. Sisi tuliobaki tuendelee.

Sababu ya kuiandika ni kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, wakati huo akiwa mwaka wa pili chuoni, aliombwa amsindikize mzee wa familia ya rafiki yake kwenye kliniki moja hapa mjini. Mzee alikuwa mtu wa Kongo mashariki, Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na bei za vitu, na jambo lenyewe lilikuwa la aibu kiasi kwamba hakumtaka mkalimani wa kliniki. Aliogopa asije akawa mtu anayekaa naye benchi moja kanisani. Alitaka kijana. “Wewe ni kama mjukuu wangu,” alimwambia mwenzetu ndani ya gari, “na mjukuu ni mtani, kwa hiyo sitaona haya sana.”

Daktari alimwangalia, akachora picha kwenye karatasi, akaeleza polepole. Mwenzetu alisikia lile neno la Kiingereza ambalo kwenye filamu likitamkwa tu watu huanza kulia, na kichwani mwake likageuka moja kwa moja kuwa saratani. Neno la pili, lililosema kwamba uvimbe huo hausambai wala hauui, lilimpita kwa sababu hakuwahi kulisikia. Akatafsiri: “Babu, anasema una saratani ndogo, wataichoma kwa mwanga.” Mzee aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akavaa suruali yake. Hakurudi kliniki kwa wiki saba. Tulipokuja kujua, alikuwa ameshapiga simu Uvira na kuwagawia wanawe shamba.

Alichokuwa nacho ni hemanjioma ya kichwa cha uume: fungu la mishipa midogo ya damu iliyopanuka na kujisokota chini ya ngozi, laini ukiibonyeza, rangi ya zambarau, haiumi ila ikigongwa hutoa damu. Ni ugonjwa wa nadra. Vitabu vya madaktari wa mfumo wa mkojo husema hemanjioma za sehemu za siri hazifiki 2 katika kila 100 za mwili mzima. Basi tuliketi baada ya mkutano mmoja wa klabu tukajiuliza: neno hili limetoka wapi, tiba hii imetoka wapi, na kwa nini sisi tunaojigamba kwa lugha mbili tulishindwa kulisema?

Suala la lugha ni jepesi zaidi, tulimalize kwanza. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa, kina wingi. Kuna uume, kuna dhakari ya waliosoma Kiarabu, kuna mboo ambayo mwenye adabu haisemi mbele ya wakwe, na kuna tafsida zote kuanzia “sehemu za siri” hadi “huko chini”. Govi lina jina lake, korodani zina lake. Walioingia jandoni walifundishwa majina haya bila kupepesa macho, na kuna mzaha wa lugha hapo ambao hatuwezi kuuacha: mwali ni mtu aliyewekwa ndani afundwe, na mwali ni mkuki wa nuru, kama mwali wa jua au wa moto. Shida yetu ilikuwa kwenye neno uvimbe. Kwa Mswahili wa kawaida uvimbe ni chochote kilichotutumka, hata kidole kilichobanwa na mlango. Uvimbe ulioota wenyewe na unaokua, lakini si saratani, hauna neno moja fupi. Lazima useme sentensi nzima: “ni uvimbe wa mishipa ya damu, si saratani, hausambai.” Mwenzetu alihitaji maneno tisa, akapata mawili.

Lakini tusimlaumu sana, kwa sababu hata madaktari wenyewe walichanganyikiwa kwa zaidi ya karne moja. Chochote chekundu na chenye damu nyingi kiliitwa hemanjioma: alama ya kuzaliwa usoni, donge la mtoto mchanga linalokua kwa kasi kisha likanywea lenyewe, mshipa uliopanuka midomoni mwa mzee. Mwaka 1896, huko New York, daktari wa ngozi John Addison Fordyce alieleza habari za mzee wa miaka 60 aliyekuwa na vidoa vyekundu-vyeusi, vigumu kidogo kwa juu, kwenye ngozi ya mfuko wa korodani. Vidoa hivyo mpaka leo vinaitwa anjiokeratoma za Fordyce. Vinatokea pia kwenye uume, ni vya kawaida kwa wanaume wenye umri, na havina ubaya wowote isipokuwa kutoa damu vikikwaruzwa na kumtisha mwenye navyo. Ni wangapi katika baba zetu wanavyo na wanadhani ni laana au ugonjwa wa zinaa? Hatujui, kwa sababu hakuna anayeuliza.

Mwaka 1898, miaka miwili baada ya Fordyce, Johannes Fabry huko Ujerumani na William Anderson huko London, kila mmoja kivyake, waliona vidoa vinavyofanana na hivyo kwa watu ambao walikuwa wanaumwa kweli: kiunoni, mapajani, kwenye sehemu za siri, pamoja na maumivu ya mikono na miguu na figo zinazochoka. Ugonjwa huo wa Fabry ni wa kurithi, na hapa historia inapita mlangoni kwetu. Mwaka 1967 Roscoe Brady na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa hao wanakosa kimeng’enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta. Mwaka 1970, jarida la Science lilichapisha jaribio la kuwapa wagonjwa hao kimeng’enya walichokosa kwa njia ya plazima ya damu ya watu wazima wenye afya, na miongoni mwa waandishi walikuwemo William Krivit na Robert Desnick wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Ilichukua zaidi ya miaka 30 wazo hilo kuwa dawa iliyoidhinishwa Marekani, mwaka 2003. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwa nini kidoa kidogo kwenye sehemu isiyotajwa kinastahili kutajwa: mara nyingi si kitu, mara chache sana ni barua inayotoka kwenye figo.

Mkanganyo wa majina ulikatwa mwaka 1982, pale John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston walipozichunguza chembechembe na kutenga makundi mawili. Kundi la kwanza ni uvimbe wa kweli, ambamo chembe za kuta za mishipa zinazaliana. Kundi la pili ni kasoro za maumbile ya mishipa, ambamo hakuna kinachozaliana. Mishipa imeumbwa vibaya na inapanuka taratibu kadiri mtu anavyokua. Kwa kipimo hicho, vingi vinavyoitwa hemanjioma kwenye kichwa cha uume cha mtu mzima ni kasoro za vena. Jina la zamani limebaki midomoni na kwenye mafaili, nasi tutalitumia kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya mzee wetu.

Sasa tiba. Kabla ya leza, uvimbe wa damu ulikuwa na maadui wengi na wote wakali. Kisu kilikuwapo tangu zamani, lakini kichwa cha uume ni sifongo lililojaa damu. Ukikata, damu inamwagika, na ukishona, kovu linavuta na kupinda kiungo ambacho kazi yake inategemea kunyooka. Mwaka 1907 William Allen Pusey wa Chicago alianza kugandisha alama za ngozi kwa theluji ya kaboni dayoksaidi, ile barafu kavu tunayoiona ikifuka moshi kwenye maduka ya samaki. Wengine walidunga dawa za kukausha mshipa, na njia hiyo ingali hai. Kisha ikaja radiamu. Ilionekana muujiza: hakuna kukata, hakuna damu. Huko Stockholm, kati ya 1920 na 1959, watoto wachanga zaidi ya 14,000 walipigwa mionzi ya radiamu kwa ajili ya hemanjioma za ngozi, nyingi zikiwa zile ambazo zingenywea zenyewe. Waswidi hutunza kumbukumbu, wakawafuatilia watoto hao mpaka uzeeni, wakakuta saratani za matiti na za tezi ya shingo zimezidi. Uvimbe usioua ulitibiwa kwa kitu kinachoua polepole. Kila tunaposoma juu ya tiba mpya inayong’aa tunawakumbuka watoto wale.

Tarehe 16 Mei 1960, kwenye maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza. Ilikuwa kijiti cha rubi ya kutengenezwa, kimezungukwa na taa ya mpigapicha iliyosokotwa kama chemchemi, na kilitoa mwanga mwekundu wa mawimbi ya nanomita 694. Jarida la kwanza alilolipelekea habari hiyo lilimkataa. Nature ikaichapisha Agosti mwaka huohuo. Magazeti yakaandika kwamba umevumbuliwa mwanga wa kuua. Msaidizi wake, Irnee D’Haenens, anakumbukwa kwa mzaha wake kwamba wamepata jibu na sasa watafute swali.

Swali la ngozi aliliuliza Leon Goldman wa Cincinnati. Alikuwa daktari wa ngozi, na kuanzia 1961 alikuwa na maabara ya leza alimojaribu mwanga huo kwenye michoro ya chale, kwenye alama za kuzaliwa, hata kwenye mkono wake mwenyewe. Baada yake mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1964 peke yake ulizaa leza tatu ambazo hospitali zingali zinazijua: ya gesi ya argoni, yenye mwanga wa buluu na kijani, ya kaboni dayoksaidi, ambayo jicho haliioni, na ile ya fuwele iitwayo YAG iliyotiwa chembe za neodimiamu, yenye mawimbi ya nanomita 1064, nayo pia haionekani kwa jicho. Kila moja ina mlo wake, na hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Mwanga wa kaboni dayoksaidi unanyonywa na maji, na kwa kuwa nyama ni maji, unaunguza juujuu kama kisu cha moto. Mwanga wa kijani na wa njano unapendwa na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, kwa hiyo unapita kwenye ngozi na kuishia kwenye mshipa, lakini haufiki mbali, kama milimita moja. Mwanga wa neodimiamu hauna pupa. Unapendwa kidogo na damu, kidogo na maji, kwa hiyo unazama milimita kadhaa na kuigandisha damu huko chini kama yai linavyoganda likichemshwa.

Kwa kidoa cha juu argoni ilitosha, na katika miaka ya 1970 ndiyo iliyotumika sana kwenye alama nyekundu za uso. Iliacha makovu mengi. Tatizo lilielezwa vizuri mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish wa Boston: haitoshi kuchagua rangi ambayo mshipa unaipenda, ni lazima pia upige kwa muda mfupi kuliko ule unaouhitaji mshipa kupoa. Ukizidisha, joto linamwagika nje na kuunguza jirani. Mpishi wa chapati anajua hili bila hesabu. Wazo hilo lilizaa leza ya rangi ya kimiminika, ya njano, inayopiga kwa mapigo mafupi, ambayo watoto wenye alama usoni wamefaidika nayo mpaka leo.

Uume ulifikiwa kwa mlango mwingine, wa kibofu cha mkojo. Huko Munich, katika miaka ya 1970, Alfons Hofstetter na wenzake walipitisha mwanga wa neodimiamu ndani ya uzi wa kioo, wakauingiza kwa bomba la kuangalia kibofu, wakachoma saratani za humo. Madaktari wa mkojo walipozoea kifaa hicho walianza kukitumia pia kwenye ngozi ya nje: kwanza kwenye saratani changa za uume, wakiona kwamba mgonjwa anaweza kubaki na kiungo chake, halafu kwenye vitu visivyo saratani. Taarifa za hemanjioma za kichwa cha uume zilizotibiwa kwa leza zilianza kuonekana kwenye majarida, mgonjwa mmoja hapa, wawili pale. Ndivyo zilivyo mpaka sasa. Ugonjwa ni wa nadra mno, na wanaume wanauficha mno, kiasi kwamba haiwezekani kukusanya watu mia na kuwagawa kwa kura. Elimu yote imejengwa na wachache waliokubali kuvua suruali na daktari aliyekubali kuandika.

Na yaliyoandikwa yanafanana. Kwanza altrasaundi, kujua uvimbe umezama kiasi gani na kama umeungana na mrija wa mkojo au na sifongo la ndani. Dawa ya ganzi. Kisha mwanga wa neodimiamu, mara nyingi kupitia kipande cha barafu safi au maji baridi yanayotiririka, ili ngozi ya juu ipoe wakati damu ya chini inaganda. Uvimbe unapauka na kusinyaa mbele ya macho ya daktari. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na uvimbe wa muda na malengelenge, anakaa wiki kadhaa bila kukutana na mwenzake, na aghalabu anahitaji kurudi mara moja au mbili. Kinachobaki ni baka lililopauka kidogo.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi na wasomaji wetu wengi moja kwa moja. Mwanga wa kijani na wa njano hauli himoglobini peke yake. Unakula pia melanini, rangi ya ngozi nyeusi. Leza za mwanzo zilipimwa kwenye ngozi za wazungu, na hata kipimo maarufu cha aina za ngozi alichokibuni Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975 kilianza na ngozi nyeupe tu. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mtu mweusi aliyepigwa mwanga wa argoni alikuwa katika hatari ya kuungua ngozi ya juu kabla mwanga haujaufikia mshipa, au kubaki na doa jeupe la maisha. Na ngozi ya uume, kwa watu wa rangi zote, ni nyeusi kuliko ya mgongo. Mwanga wa nanomita 1064 melanini haiujali sana, kwa hiyo ndio ulio salama zaidi kwa ngozi yetu. Ni bahati tu kwamba leza iliyochaguliwa kwa sababu ya kuzama ndani ikawa pia ndiyo inayotufaa. Hakuna aliyeipanga hivyo kwa ajili yetu. Mgonjwa mweusi ana haki ya kuuliza, na mkalimani wake ana wajibu wa kuuliza kwa niaba yake: leza hii ni ya rangi gani?

Kwa nini basi mambo haya yanapatikana kwa urahisi katika mji huu wa baridi? Wageni hudhani Minneapolis na Saint Paul ni miji ya unga wa ngano na theluji. Lakini mwaka 1957 Earl Bakken, ambaye kampuni yake ya Medtronic ilizaliwa gereji mwaka 1949, alimtengenezea daktari Walton Lillehei wa chuo kikuu chetu kifaa kidogo cha betri cha kuuchochea moyo, na tangu hapo mji umejaa wahandisi wa vifaa vya mwili. Mwaka 1972 ilianzishwa hapa American Medical Systems, baadaye ikakaa Minnetonka, kando ya magharibi ya Minneapolis. Ilitokana na kazi ya William Bradley na Gerald Timm wa Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na daktari Brantley Scott wa Houston. Kifaa chao cha kwanza kilikuwa cha kuzuia mkojo kwa mtu asiyeweza kuuzuia. Mwaka 1973 wakaeleza mirija ya kujazwa maji inayowekwa ndani ya uume uliopoteza nguvu. Kwa maneno mengine, kilichokuwa hakitajwi mezani kilikuwa kinachorwa, kinapimwa na kutiwa muhuri na watu wanaofunga tai, umbali wa basi moja kutoka tunapokunywa chai.

Leza iliingia kwenye kampuni hiyo baadaye. Rochester, karibu kilomita 130 kusini mashariki ya hapa, Reza Malek na wenzake wa Mayo Clinic walikuwa katika miaka ya 1990 wakijaribu kuvukiza tezi dume iliyovimba kwa mwanga wa kijani wa nanomita 532. Mwanga huo unapatikana kwa kuupitisha mwanga wa neodimiamu kwenye fuwele nyingine, iitwayo KTP, inayoukata wimbi katikati: 1064 gawanya kwa 2. Mama haonekani, mtoto ni wa kijani. Tezi dume ina damu nyingi, damu inanyonya kijani, nyama inageuka mvuke na mishipa inajifunga yenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Minnetonka iliinunua Laserscope ya California, iliyokuwa ikitengeneza leza hiyo, kwa dola takriban milioni 715. Mwaka 2015 sehemu kubwa ya kazi hiyo ikapita mikononi mwa Boston Scientific, ambayo nayo ina viwanda katika eneo hili. Fedha zote hizo ni za tezi dume, kwa sababu tezi dume ni ya mamilioni ya wanaume. Hemanjioma ya uume haina soko. Inatibiwa kwa mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya maradhi mengine, jioni, mgonjwa akiwa wa mwisho kwenye orodha. Hatusemi hivyo kwa kulalamika. Maradhi mengi ya nadra huishi kwa ukarimu wa maradhi ya kawaida.

Nyumbani hali ina sura nyingine, na ndiyo inayotufanya tusiwacheke wanaoogopa. Katika Afrika Mashariki doa la zambarau kwenye uume lina mwenziwe wa kutisha. Moritz Kaposi wa Vienna alieleza mwaka 1872 saratani ya mishipa ya damu inayobeba jina lake, na kwa Uganda, Kongo mashariki na nchi za jirani ilikuwa inafahamika miongo mingi kabla ya UKIMWI. Taasisi ya saratani ya Mulago, Kampala, iliyoanza mwaka 1967, ilikuwa ikiwatibu wagonjwa wake zamani hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Anne Bayley huko Lusaka aliona Kaposi imebadilika na kuwa kali, na UKIMWI ukajulikana kuwa sababu. Kirusi chenyewe kinachoileta kiligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Kwa macho tu, doa changa la Kaposi na hemanjioma ndogo vinaweza kufanana. Ndiyo maana daktari makini, awe Moshi, Nairobi au hapa, hukata kipande na kukipima akiwa na shaka yoyote, kabla ya kuwasha leza. Leza huteketeza ushahidi. Ukichoma kwanza, hakuna tena cha kutia chini ya hadubini.

Mzee wetu alizaliwa katika nchi ambako watu waliona Kaposi ikiwala jamaa zao. Alipoambiwa saratani hakushangaa, aliithibitisha tu moyoni mwake. Kliniki ilikuwa imeshakata kipande, ilikuwa imeshajua si Kaposi wala saratani nyingine, na ilikuwa imemwambia hivyo. Ujumbe ulikatikia kwenye kiti cha katikati, alipokaa kijana wetu.

Kuna sheria juu ya kiti hicho. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza wanaopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa miaka mingi imefahamika kwamba hospitali lazima impe mgonjwa mkalimani bila malipo. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyolikazia jambo hilo ilifutwa Machi 2025. Sheria yenyewe ya 1964 ingalipo. Hatukuijua wakati ule. Tulidhani kumtafsiria mzee ni adabu, kama kumbebea mzigo.

Mwenzetu alipogundua kosa, kwa kukutana na neno hilohilo kwenye somo la biolojia, alikwenda nyumbani kwa mzee siku hiyohiyo jioni. Alipiga hodi, akatoa shikamoo, akapiga magoti kabisa mlangoni. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: “Kwa hiyo sifi?” Halafu akacheka sana, akamwita mkewe, na kwa mara ya kwanza mama akaambiwa mumewe alikuwa anaumwa nini.

Alirudi kliniki. Safari hii mkalimani alikuwa wa simu, mtu wa jimbo la mbali asiyeweza kuonana naye kanisani, na alimudu zile sentensi ndefu bila kuona haya. Leza ilikuwa ya neodimiamu. Mzee aliuliza mwenyewe rangi yake, akaambiwa haina rangi, akasema hilo ni jibu la kichawi. Alipigwa mara mbili, wiki nane kati ya ya kwanza na ya pili, barafu juu. Limebaki doa lililopauka, dogo kama punje ya mchele, anavyosema yeye mwenyewe kwa yeyote anayeketi naye sasa.

Uvira alipiga simu tena, kusema kwamba shamba ni lake bado. Wanawe wawili walikuwa wameshapanda mihogo kila mmoja upande wake, na mpaka tunaandika haya hawajakubaliana ni nani ang’oe.